Fungu Langu la Hitma Juu ya Mlima

Dada Ramla,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na Bibi alitufunza kwamba shikamoo haisusiwi hata mtu akiwa amenuna. Salamu nyingine ninazo, ila nimezizuia mpaka mwisho wa barua. Ukifika huko utajua kwa nini.

Mimi mwili mzima. Miguu ndiyo inayouma, hasa mapaja, hata ngazi za hapa ninapokaa nazishuka kinyumenyume kama kaa. Natumai nawe u mzima, na wanao, na Mjomba Seif na presha yake. Nauliza kwa dhati na nataka nijibiwe kwa dhati. Kama Mjomba anaumwa, sema anaumwa. Kama hajambo, sema hajambo.

Utashangaa kupata karatasi. Simu ninayo, na chaji imejaa. Lakini simu ndiyo iliyonidanganya siku hamsini na kitu, kwa hiyo nimeona nikuandikie kitu ambacho huwezi kukijibu kwa kile kikatuni chako cha kucheka. Mume wa Salma anakuja huko Jumamosi, nitampa akukabidhi mkononi. Salma ni yule wa Chukwani niliyekusimulia kuwa tulikutana msikitini. Anakaa mji wa jirani, na huku nilipo, Unguja nzima ni mimi na yeye.

Sasa nikueleze nilivyopanda mlima.

Pale kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kuna mpishi anaitwa Margaret, mama wa makamo mwenye miguu ya mbuzi. Kila mwaka baridi ikianza kupungua huwakusanya wafanyakazi akawapeleka kutembea milimani. Mwaka huu wengine wote walikuwa na zamu, nikabaki mimi peke yangu, nikamwomba nije na Salma aliyekuwa amerudi kutoka huko wiki ile ile. Margaret akafurahi. Akatuonyesha kwenye ramani: gari tunaliacha penye kanisa dogo, tunaupanda mlima kwa upande wake mkali, tunapita juu mgongoni, tunashuka upande wa pili, kisha tunarudi kwa kufuata ukingo wa ziwa mpaka kwenye gari lile lile. Nikamuuliza, "Juu kuna nini?" Akasema hakuna kitu, watu hupanda kutazama tu. Ungemcheka, Ramla. Kwetu mtu hapandi kitu ila afuate kitu. Mnazi una nazi, mkarafuu una karafuu, hata darini mtu hupanda kuanua nguo. Hawa wanapanda mlima, halafu wanarudi pale pale walipotoka, na jioni wanasema wamestarehe.

Nilikwenda. Na mwanzo, Mungu anajua, nilistarehe.

Usidhani ni kilima kama chetu cha Masingini, ambacho mtu hupanda kwa gari bila kujua kama kapanda. Huu ni mawe yamepangwa kama ngazi, lakini ngazi za fundi mlevi, moja ya kifundo cha mguu na nyingine ya goti. Nusu saa tu kifua kilikuwa kinawaka. Nikakumbuka ngazi zetu za Kiponda, zile thelathini na moja, zenye kamba ya kushikia katikati, na jinsi Bibi alivyokuwa akipanda na kapu lake la sokoni. Kila ngazi ya saba husimama, huvuta pumzi, husema Subhanallah, huendelea. Na sisi nyuma yake tunamsukuma kiuno na kucheka. Basi nikaupanda mlima wa Wazungu kwa hesabu ya Bibi. Saba, Subhanallah. Saba, Subhanallah. Salma nyuma yangu kimya, nikadhani ni pumzi zimemwishia.

Katikati ya ule mwinuko nikatoa simu nikarekodi. Unaijua rekodi yenyewe, umeisikiliza. Nilisema, "Bibi, leo ngazi zako nimeziona mkeka! Njoo unisukume kiuno!" Pale hapakuwa na mtandao. Rekodi ikakaa inasubiri, nami nikapanda nayo mfukoni.

Juu upepo ulikuwa wa kuvua mtandio wa mtu. Kuna rundo la mawe, na kila anayefika huongeza lake. Margaret akaongeza la kwake, akasogea mbali kidogo kuangalia njia ya kushukia. Mimi na Salma tukakaa chini ya ukuta wa mawe, kwenye utulivu. Mtandao ukarudi. Rekodi ikaenda. Na wewe, mwanamke, hukukawia hata dakika moja.

Nikamsomea Salma kwa sauti, huku nacheka: "Bibi kacheka mpaka kashika mbavu. Anasema uteremke polepole. Anakusalimia sana."

Salma alikuwa ameshafungua mkoba wake. Mkononi alikuwa na kikapu cha halua, kile kidogo cha ukili, na kitu kingine kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Bibi yupi?" akaniuliza.

"Bibi yangu wa Kiponda. Nna bibi mwengine mie?"

Akakitazama kile kikapu. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta si yenyewe.

"Zuhura, kwenu unazungumza na nani?"

"Na Ramla. Kila siku ya Mungu."

"Na hajakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Yarabi," akasema. "Yarabi, nimefanya nini mie." Akanishika mkono. "Mie nshakwenda hitma yake, Zuhura. Hitma ya arobaini. Nlikwenda na mama. Nlikuwa nnajua washakwambia zamani. Asubuhi garini nnakuona unacheka, nikasema mwenzangu kapewa subira. Hili fungu lako. Bi Mwaka, mdogo wake marehemu, alipojua nnakaa karibu nawe kanipa kwa mkono wake, kasema mjukuu wa marehemu asikose fungu lake, nchi yoyote alioko. Na hii amana yako. Nlikuwa nnangoja tupate faragha nkupe."

Akafungua kitambaa. Ilikuwa tasbihi. Tasbihi ya rangi ya tende, na mahali pa punje moja kuna kifungo cheupe cha shati la Babu. Nilikuwa na miaka sita nilipoikata, punje moja ikapotelea kwenye ufa wa sakafu, na Bibi badala ya kunipiga akatunga kifungo akasema, "Huyu ndiye Zuhura, kila nikimfikia nitamwombea." Hakuna duniani tasbihi nyingine ya namna hiyo.

Unajua nilimwambia nini Salma? Nilimwambia, "Muongo." Yeye aliyeniletea kweli mkononi nilimwita muongo, kwa kuwa mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika maneno yako.

Halafu nikakaa. Sikulia. Nikala ile halua, Ramla. Nilikula fungu la hitma ya Bibi yangu kwa vidole vilivyokufa ganzi, juu ya mlima usio na kitu, na Salma alinisomea Fatiha sikioni kwa sababu upepo ulikuwa unayachukua maneno. Huo ndio msiba niliokaa.

Margaret aliporudi akatutazama, akauliza kama nimeumia mguu. Salma akamwambia. Margaret akanikumbatia, tukaanza kushuka. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, jiwe unaloliamini ndilo linalobingirika. Nilikuwa najaribu kila jiwe kwa ncha ya kiatu kabla ya kulikanyaga. Tangu siku ile naishi hivyo hivyo.

Chini tukashika njia ya ziwani. Maji meusi, yametulia, njia imenyooka, hakuna cha kuangalia isipokuwa mawazo yako. Mwendo wa saa mbili. Saa mbili hizo nilizitumia kukufuatilia wewe.

Nilimuuliza Salma siku gani. Akasema Alkhamisi ya mwisho wa Shaaban, baada ya Alfajiri, akazikwa siku ile ile adhuhuri. Nikafungua simu nikaitafuta Alkhamisi hiyo. Ile asubuhi nilikuwa namkata kucha kikongwe mmoja wa hapa, akanichekesha, nikakurekodia kicheko chake umsikilizishe Bibi. Ulijibu jioni: kikatuni cha kucheka na machozi mawili. Mmemzika adhuhuri, na jioni ukaniletea uso wa kucheka! Mkono wako haukutetemeka?

Nikaendelea. Mwezi mosi wa Ramadhani: "Bibi kafunga, tumemkataza hasikii." Kumi la katikati: "Bibi kalala, kasema usichoke kumwombea." Hilo nililitii, nimemwombea afya, Ramla. Kila alfajiri nilikuwa namwombea afya na umri maiti wa watu. Na siku ya Idi ukaleta picha yake, amekaa barazani na kanga niliyompa. Pale kando ya ziwa niliikuza ile picha kwa vidole viwili. Dirisha la nyuma yake halijapakwa rangi. Dirisha lile lilipakwa rangi mwaka jana, wewe mwenyewe ulinionyesha. Mimi mjinga. Nilitazama uso wake tu, nani hutazama dirisha?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyinyi mmewashinda wahenga. Mlificha maradhi, mkaficha na kilio. Ila mlisahau kumwambia Bi Mwaka. Nadhani mlisema, mdogo wake Bibi ni kizee cha Makunduchi, hana simu, atavujisha kwa nani? Hamkukumbuka kwamba wakubwa wa zamani hawagawi chakula cha hitma bila kuweka fungu la asiyekuwepo. Kwake hilo wala si jambo la kufikiri. Aliyekwenda safari ana fungu, basi. Uongo wenu wote uliangushwa na kikapu cha halua.

Na Bi Mwaka hakumpa Salma halua tu, alimpa na maneno. Nilimshika Salma pale njiani nikamwambia, niambie yote, usinipunguzie. Akaniambia. Kwamba Bibi aliugua siku tisa. Kwamba siku tatu za mwisho alikuwa akiuliza, "Zuhura kaja?" na Mjomba Seif akimjibu, "Yuko njiani." Kwamba Bibi akawakataza kutia komeo mlango wa chini. "Mtoto atafika na mizigo, nyinyi usingizi wenu mzito, atagonga mpaka lini?" Na mlango wa chini ukaachwa bila komeo siku tatu kwa ajili ya mtu ambaye hata hakujua kama kuna mgonjwa.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikalia. Mlimdanganya yeye kwamba naja, mkanidanganya mimi kwamba yupo. Mlisimama katikati yetu, kila upande mnaupa uongo wake, na sisi wawili tulikuwa tukiaminiana.

Nitakwambia na jambo lililonichoma zaidi. Margaret, masikini, kwa kutaka kunifariji akaniuliza mazishi lini. Nikasema yamepita. Akauliza mbona hukwenda? Nikasema, "Sikualikwa." Akashangaa. "Kwenu watu hualikwa kuzika?" Ningemwelezaje? Kwetu jeneza likitoka Kiponda, mtu aliyetoka zake Darajani na samaki wake huweka kikapu chini, akatia bega hatua saba, akachukua thawabu zake akaenda. Hamjui maiti wala jina lake, na hakuna wa kumzuia. Mimi, kwa yule aliyenilea tangu mama alipotutoka, aliyenitungia kifungo kwenye tasbihi, nilikosa hata haki ya mpita njia.

Najua mtakachosema, na Mjomba sauti yake naisikia kutoka huku. Karatasi zangu za kukaa zilikuwa ofisi ya uhamiaji, pasipoti imo humo humo, nikitoka sirudi, kazi imekwenda, miaka mitatu ya baridi imepotea bure. Mtasema mlinionea huruma. Sikatai. Labda mngeniambia na bado ningebaki. Labda ningekaa chumbani kwangu nikalia peke yangu na kesho yake nikaenda kazini. Lakini ningelia siku yake! Ningempigia, mngemwekea simu sikioni, ningemwambia, "Bibi, sipo njiani, nimekwama, nisamehe, tia komeo ulale." Neno hilo tu. Lilikuwa langu na lake, na mlilichukua kwa huruma.

Na wewe hasa, Ramla, si Mjomba. Mjomba aliamua, lakini vidole ni vyako. Mjomba hajui hata kufungua simu bila miwani. Ni wewe uliyekuwa ukikaa kitandani kwake kila siku ukatunga: leo kala uji, leo kacheka, leo kaswali kwa kukaa. Ulikuwa fundi. Hata kukohoa kwake ulikutia. Najiuliza, ulipokuwa ukiandika, ulikuwa ukilia? Kama ulikuwa ukilia, kwa nini hukunigaia hata hicho kilio? Tulikuwa tukigawana ubwabwa wa sahani moja.

Kabla ya kufika kwenye gari kuna mahali ziwa linaingia kidogo, pana changarawe. Salma akasema tumsalie sala ya ghaibu. Tulitia udhu kwa maji ya lile ziwa, baridi yake ilipanda mpaka kwenye meno. Tukasimama, kila mtu na sala yake, takbira nne, hakuna kurukuu wala kusujudu. Hatukuwa na uhakika wa kibla, Salma akaitafuta kwa simu. Simu, kwa mara ya kwanza siku ile, ikasema kweli. Margaret akatupa mgongo akatazama maji, kofia kaishika mkononi, mpaka tulipotoa salamu. Mtu asiyejua jina la Bibi alimsimamia. Nikatazama juu nikauona ule mlima wote, na lile rundo la mawe dogo kama chawa, na gari letu lile pale, palepale tulipoliacha asubuhi. Asubuhi pale nilikuwa na Bibi.

Basi. Hayo ndiyo matembezi yangu.

Sasa salamu. Unakumbuka alivyokuwa akituambia Bibi kila tukitoka kwenda kwa watu: salamu ni amana. Ukipewa uifikishe, na kama huwezi, mwambie mwenyewe mapema aitafutie mchukuzi mwingine. Alikuwa akituuliza tukirudi, "Umezifikisha?" Ukisahau unarudishwa, hata kama jua kali.

Mpe salamu Bi Mwaka wa Makunduchi, mdogo wa Bibi, na umwambie fungu langu limefika na amana yangu imefika, na kwamba nchi nzima aliyeniheshimu ni yeye. Salimia jirani wa chini, mama mshona vilemba, ambaye najua alilia kwa sauti, siku zote yeye hawezi kujizuia. Wasalimie wanao wote watatu, uwaambie kitinda mimba kwamba barua ya picha aliyonichorea nimeibandika ukutani. Mjomba Seif simpi salamu mara hii, nampa habari: nshajua. Mpe kwa utaratibu, kwa ajili ya presha yake.

Na Bibi.

Nimerudi nyuma kwenye simu nikazisoma. Tangu ile Alkhamisi, kila siku nilikuandikia, "Mpe Bibi salamu zangu." Na kila siku ulinijibu neno lile lile: "Zimefika." Zilifika wapi, Ramla? Ziko kwako. Umekalia amana zangu hamsini na kitu, na za Bibi kwangu ulizitunga mwenyewe. Hizo za kutunga nimezifuta. Lakini zangu zilikuwa za kweli, kila moja, na bado zina mwenyewe.

Zichukue. Nenda Mwanakwerekwe, mchana, umepumzika, huna haraka. Mjomba akisema wanawake hawaingii makaburini, simama nje ya ukuta, salamu haizuiwi na ukuta. Wasalimie kwanza wote waliolala pale, kama alivyotufunza kila tukipita, kisha umwite yeye kwa jina lake na umpe zangu, moja moja, usizifunge pamoja. Mwambie Zuhura hakuwa njiani. Mwambie hakuambiwa. Mwambie mlango utiwe komeo alale.

Ukimaliza, siyo kabla, niandikie neno moja tu kwenye simu: zimefika. Nami nitakuamini.

Mimi, ndugu yako bado,
Zuhura